Ami, roho na rula

Jana baada ya laasiri, barazani kwetu Kikwajuni, ami mmoja alinishika kwa maneno: "Mwanangu, hiyo saikolojia unayosoma, roho inapimwa kwa mizani gani?" Nikamwambia, ami, hata Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1786 alikataa kuiita sayansi kamili, kwa kuwa ya moyoni hayaingii kwenye hesabu.

Lakini nikatoa rula ya sentimita 30, nimwoneshe kuwa kuna kinachopimika. Nikaishika juu, ami akaweka vidole chini bila kuigusa, nikaiachia ghafla. Akaidaka penye sentimita 20, yaani ilianguka kama sekunde 0.2 kabla hajaidaka. Si haba kwa mtu aliyeshika kikombe cha kahawa mkono wa pili! Kisha nikashika rula mbili, akaweka kahawa chini. Hajui ipi itaanguka. Nikaachia moja, ikampita mpaka sakafuni, baraza zima kicheko.

Daktari wa Kiholanzi, Donders, alilifanyia kazi jambo hili mwaka 1868, kwa vyombo vya maana kuliko rula zangu. Alipima muda wa kuitikia kitu kimoja, kisha wa kuchagua kati ya viwili, akatoa ule wa kwanza katika huu wa pili. Kilichobaki ndio muda wa akili kuamua. Mjerumani Wundt akaja kufungua maabara yake ya saikolojia Leipzig 1879, sifa zote zikamwendea yeye. Mie naona Donders kadhulumiwa.

Ami hakuridhika: "Umepima vidole, roho yangu hujaigusa." Nikanyamaza kidogo. Mwaka 1913 Watson, mwanasaikolojia wa Marekani, naye alisema ya ndani tuyaache, tusome matendo tu.