Doti moja ya kanga: kipande cha kwanza shule, cha pili mtihani

Aliyeniambia nianze kujifunza kwenye shuka jeupe, Mungu anamwona.

Naongelea ule ushonaji wa kuzima meno ya cherehani na kuisukuma nguo mwenyewe kwa mikono. Ni kama kuandika, ila kalamu imesimama na karatasi ndiyo inayotembea. Mafundi wa kudarizi mashuka wanaufanya miaka nenda rudi na zile fremu zao za duara. Mimi niliutaka kwa ajili ya mfarishi, yaani vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja na kitu cha joto katikati. Wifi yangu yuko Njombe, alikuwa amebakiza miezi michache ajifungue, na Njombe mwezi wa saba si Temeke. Huku kwetu kipupwe kikija tunavaa sweta kwa mbwembwe tu.

Basi nikafuata ushauri: shuka jeupe juu, blanketi jembamba la mtumba katikati, shuka chakavu chini, chora maua kwa chaki, shona taratibu. Blanketi nililipata Karume kwa elfu sita au saba, nilichukua pamoja na suruali ya mtoto kwa hiyo hesabu imenipotea. Mguu wa kudarizi nilinunua Kariakoo, haukufika elfu kumi. Cherehani yangu haina kitufe cha kushusha meno, nikayafunika kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, nimeitoboa tundu la sindano katikati na kuibana kwa selotepu. Hilo nililibuni mwenyewe na bado najisifu nalo.

Nikachora maua kumi na mawili, mazuri kweli, maana kuchora najua. Ua la kwanza halijafika nusu, cherehani ikaguna ikakwama. Kugeuza, uzi umejikusanya chini kama kiota cha ndege. Nikakata, nikabadilisha bobini. Kiota. Nikakaza uzi wa juu mpaka ukawa unakatika. Kiota. Nikalaumu uzi, nikalaumu umeme, nikampigia simu aliyeniuzia cherehani nikamwambia maneno ambayo baadaye ilibidi nimwombe radhi. Siku ya tatu sindano ikavunjika, ncha ikaruka nisikojua, na wiki nzima nyumba nzima tukawa tunavaa ndala mpaka chumbani.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, ana baraza lake Tandika. Hakuigusa hata cherehani.

"Mwanangu, huu mguu unaushusha?"

Nikamwambia mguu wenyewe unaelea juu ya nguo, niushushe wa nini? Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kumbe ule mpini wa nyuma wa kushushia mguu ukiwa juu, visahani vinavyobana uzi vinalegea, uzi wa juu unamwagika chini bila mwenyewe. Hata kama mguu unaelea, mpini unashushwa. Siku tatu, sindano moja na urafiki mmoja, kwa sababu ya mpini.

Viota vikaisha. Maua yakabaki ya aibu. Huku kwetu mikono inatoka jasho, ukipitisha kiganja mara mbili chaki haipo, unabaki unabahatisha. Na kitambaa cheupe hakina siri, kila mtetemo wa mkono unaonekana ukiwa mlangoni. Mwanangu aliuliza kama kuku amepita hapo. Halafu hilo la "shona taratibu": ukienda kwa kunyata, sindano inashuka mara moja huku mkono umeshatembea, mishono inakuwa mirefu kama ya gunia. Kanyaga mwendo wa wastani usiobadilika, mkono ndio utulie.

Mashuka meupe yalipoisha nikafungua kabati, nikakutana na kanga za sare za kicheni pati. Nani asiyenazo? Unachangia, unapewa doti, unaivaa siku moja. Nikatoa moja nyekundu yenye korosho kwenye pindo. Nikaifua kwanza, maana kanga mpya ina wanga na rangi nyekundu haina adabu. Shangazi alisisitiza chumvi, mimi sikuona tofauti.

Doti ni kanga mbili zinazofanana, na kwangu hapo ndipo palipo na utamu. Ya kwanza niliikata vipande bila huruma. Pindo inarudia umbo lilelile kuzunguka kanga nzima, kwa hiyo nikashona korosho, na korosho, na korosho, michoro imeshachapwa, haifutiki kwa jasho. Uzi wa juu niliweka mwekundu kama kanga, wa chini mweusi. Juu makosa yanajificha kwenye rangi, moyo hauvunjiki. Ukitaka kujijua, geuza uone kwenye shuka la chini. Korosho yangu ya kwanza nyuma ilikuwa kiazi. Kwenye kona zilitoka nyuzi zimelala kama kope, na hizo si za cherehani, ni mkono unaorusha nguo ghafla ukifika kwenye mzunguko. Kwenye ishirini na kitu hivi, kope zikaanza kupungua. Mistari iliyonyooka niliiacha kabisa, na asikudanganye mtu kwamba ndiyo rahisi. Mkono unapenda kuzunguka.

Kanga ya pili nikaitandika nzima. Pini kila upana wa kiganja, nikaanza kwenye mji wa kanga, pale katikati, kwenda nje, la sivyo kitambaa kinajikunja. Nikazikunja pande mbili kama mkeka ili zipite kwenye shingo ya cherehani, na meza ya pasi nikaiweka pembeni ibebe uzito. Glavu za kuoshea vyombo nilizikata vidole, nikavaa viwili viwili, kitambaa hakitelezi tena. Baba watoto alinikuta hivyo saa tano usiku akarudi kulala bila kusema neno.

Jina la kanga nililiacha mwisho kwa woga. Herufi zimekaa karibu, kona zake ndogo, na S ndiyo mateso. Zilinila jioni mbili. Lakini S za kwangu, jamani, utadhani zimepigwa chapa mara ya pili. Niliziangalia moja moja mpaka nikafunga mzigo nikaupeleka kwenye basi.

Siku ya nne wifi akapiga.

"Wifi, mfarishi tumeupata, mzuri sana, mama naye kausifia. Ila umeandika HASIDI HANA SABABU. Huyo hasidi ni nani?"