Fomu ya Word isiyovurugika ikijazwa

Fomu nyingi za Word zinaharibiwa na mistari ya kujazia. Mwandaaji anaandika "Jina:" kisha anabonyeza kistari cha chini mara thelathini. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye kompyuta, kila herufi ya mjazaji inausukuma ule mstari, ncha yake inaangukia chini, na "Tarehe" iliyokuwa kulia inajikuta kushoto. Kwa Word, mstari huo ni herufi thelathini zilizopanga foleni. Anayeingia katikati anawasukuma walio nyuma.

Dawa yake ni jedwali. Maelezo yakae safu ya kushoto, nafasi ya kujaza kulia. Ondoa mipaka yote, bakiza wa chini tu kwenye seli ya kujaza: mstari utauona uleule, ila huu hausukumwi. Halafu fungua Table Properties, bofya Options, toa tiki kwenye "Automatically resize to fit contents". Ukiiacha, anwani ndefu ya barua pepe itaitanua safu yake na kuibana ya jirani. Kimo cha mstari wa jedwali (row) kiwe "At least". "Exactly" inakata maandishi: mtu ameandika sentensi tatu, inaonekana moja, na printa inatoa hiyo hiyo moja.

Visanduku vya kujazia vimo kwenye kichupo cha Developer, ambacho kimefichwa. Nenda File, Options, Customize Ribbon, kitie tiki. Kwa jina na anwani tumia Plain Text. Rich Text inapokea chochote kinachobandikwa, rangi, picha, hata jedwali zima, na fomu inageuka kapu. Kwa maelezo marefu, ingia Properties utie tiki "Allow carriage returns", la sivyo mjazaji atabonyeza Enter bila kupata mstari mpya.

Tarehe ina mitego miwili. Kwanza muundo: 03/04 mmoja anasoma tarehe 3 Aprili, mwingine tarehe 4 Machi, kwa hiyo chagua unaotaja mwezi kwa jina. Pili, Date Picker, kisanduku cha kuchagulia tarehe, haihakiki kitu. Mtu akiandika "kesho" kwa mkono, inakubali.

Visanduku vya tiki navyo havijuani. Ukiweka kimoja cha Ndiyo na kingine cha Hapana, yupo atakayetia vyote viwili. Swali la jibu moja lipewe Drop-Down List, orodha ya kuchagua jibu. Kama unataka mtu aweze kuandika jibu lisilomo kwenye orodha, tumia Combo Box. Alama ya X inayokuja yenyewe kwenye kisanduku unaweza kuigeuza tiki kwenye Properties.

Yale maneno ya kijivu, "Click or tap here to enter text", yabadilishe baada ya kuwasha Design Mode, kitufe kilichomo Developer. Ukiyaandika bila kuiwasha, Word inayahesabu kuwa jibu na hayatoweki mjazaji anapoanza kuandika. Yafanye mafupi: "Majina matatu" yanatosha. Tena nafasi isiyojazwa inachapishwa pamoja na maneno hayo, jambo ambalo wengi wanaligundua karatasi zikiwa zimeshatoka.

Mwisho ni kufunga. Kwenye Properties ya kila kisanduku tia tiki "Content control cannot be deleted". Ile ya jirani yake, "Contents cannot be edited", usiiguse; inamfungia mjazaji mwenyewe nje. Zima Design Mode, nenda Restrict Editing, chagua "Filling in forms", kisha "Yes, Start Enforcing Protection". Kuanzia hapo maandishi yako hayaguswi, na Tab inamvusha mjazaji kutoka kisanduku hadi kisanduku. Nenosiri ni hiari, na usilitegemee kulinda siri: kufuli hili linazuia vidole vizembe, mwenye nia atalivunja. Ulilisahau? Ndiyo maana unatunza nakala isiyofungwa.

Hifadhi kama .dotx, yaani kiolezo cha Word, ili kila anayeibofya mara mbili afunguliwe nakala mpya badala ya kujaza juu ya fomu mama. Kabla ya kuisambaza, ijaze kwa jina refu kuliko yote unayolijua, ipite kwa Tab peke yake bila kipanya, kisha ichapishe tupu. Na kama wajazaji wako wanatumia simu, ifungue kwenye simu kwanza.