Mtoto alipojua kuruka kitanda, tulishusha godoro sakafuni

Mwanangu alipojifunza kupandisha mguu juu ya fito za kitanda chake na kujivuta nje, tulianza kwa kushusha godoro hadi ngazi ya chini kabisa na kuondoa mito aliyokuwa akiikanyaga. Ilisaidia kwa muda tu. Mtoto akifika urefu wa sentimita 90 hivi, au ukingo ukimfika kifuani, kitanda hicho hakimfai tena: anaweza kuanguka kwa kichwa.

Tukaweka godoro sakafuni, mbali na dirisha na kamba za pazia, na chandarua tukakichomeka chini yake pande zote.

Ila sasa alikuwa huru usiku, na hapo ndipo kazi kubwa ilipokuwa. Nilipita nyumba nzima kwa magoti nione anachokiona yeye. Kabati la nguo tulimwita fundi akalifunga ukutani kwa vyuma na skrubu, maana mtoto akivuta droo na kuzipanda, kabati zima linaweza kumwangukia. Ndoo za maji, ambazo kwetu hukaa zimejaa kwa sababu ya mgao, tunazifunika na kuzifungia bafuni. Maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Jamani, hili msilichukulie kimzaha. Mafuta ya taa na dawa tukavifungia kwenye kabati la juu, na komeo la mlango wa jikoni tukalihamishia asikofika.

Akiamka usiku, mmoja wetu humrudisha godoroni bila maneno mengi wala kuwasha taa. Amezoea.