Dawa ya majani kwenye michikichi, msipige shamba zima jamani

Tangu 2018 serikali ilivyoivalia njuga michikichi huku Kigoma, miche ya tenera, ile mbegu chotara yenye mafuta mengi, imesambaa kila kona na kila mtu anauliza kitu kimoja, dawa gani inaua majani. Mi naona hilo ni swali la pili. La kwanza, unapiga wapi?

Mchikichi unapandwa mita 9 mti hadi mti, kwa hiyo miaka ya mwanzo makuti hayajafunga, jua kibao linafika chini na majani yanajiotea tu. Mtu akiona hivyo anakodi vijana wa bomba la mgongoni, shamba linapigwa lote hadi udongo unabaki uchi, halafu masika ikija na vilima vyetu hivi, udongo wote unashuka zake ziwani. Kupiga shamba lote hivyo kwa nini? Piga duara la kama mita moja na nusu kuzunguka shina, mbolea isiliwe na majani, na baadaye uokote kirahisi chikichi zilizodondoka. Katikati ya mistari fyeka tu, au panda maharage.

Pa kupiga bila huruma ni kwenye motomoto, zile nyasi sugu zinazotambaa kwa mizizi chini ya udongo. Ile ukiilima kwa jembe unakata mizizi vipande na kila kipande kinachipua, ukichoma moto ndo umeipalilia kabisa. Dawa ya glaifosati inaiweza maana inashuka hadi mizizini, ila upige ikiwa kijani inakua, sio imeshakaushwa na kiangazi, na maji yawe masafi, ya matope yanaidhoofisha dawa. Na mchikichi nao sio mgumu kihivyo ukiwa mdogo, dawa ikigusa makuti unaumia, so piga asubuhi upepo umetulia, nozeli chini, mche uukinge hata na kipande cha bati.

Parakwati, dawa nyingine ya majani, mi siigusi. Inachoma majani ya juu tu, motomoto inarudi, na mtu akiimeza haina dawa ya kuiondoa sumu yake. Ulaya iliondolewa sokoni 2007, Malaysia wenyewe wenye michikichi yao yote wakaipiga marufuku 2020. Kwa hiyo ukiuziwa dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, achana nayo, hujui hata ni nini.

Na hao vijana mnaowakodi wapeni mabuti na glavu bwana, wanapiga na kandambili halafu wanakaa hapohapo kula mihogo bila kunawa.