Jinsi Nilivyotatua Seva ya Counter-Strike 1.6 Isiyoonekana

Sikukuu iliyopita mimi na kaka yangu tulitamani kucheza tena Counter-Strike 1.6, mchezo wa mwaka 2003 ambao utotoni tuliulipia kwa saa katika intaneti kafe, tukipigiana kelele ingawa viti vyetu vilipakana. Nilianzisha seva, yaani programu inayoendesha mchezo ili wengine wajiunge nao, kwenye kompyuta yangu, lakini orodha ya michezo kwenye kompyuta yake ilibaki tupu, nami nikapoteza karibu saa nzima nikisakinisha upya mchezo ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Kumbe mfumo wa kompyuta yangu ulikuwa umeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa umma, na kwa sababu hiyo ulizuia kila ombi lililotoka kwenye kompyuta nyingine. Niliubadilisha uwe mtandao binafsi, nikaruhusu mlango wa UDP 27015, yaani njia ya kupitishia data ambayo seva hiyo huitumia kwa kawaida. Kwa kuwa orodha haikujaa papo hapo (nami subira ilikuwa imeniishia), kaka aliongeza neno -console katika chaguo za kuanzishia mchezo ili apate dirisha la kuandikia amri, akaandika humo connect 192.168.1.7:27015, yaani anwani ya kompyuta yangu pamoja na namba ya mlango ule.

Dakika moja baadaye tulikuwa ndani ya de_dust2, mojawapo ya ramani za mchezo huo, na kaka alinipiga risasi kabla sijakumbuka kitufe cha kununulia silaha.