Maswali ya kabla ya kikao cha kwanza cha ushauri nasaha

Watu wengi huahirisha ushauri nasaha kwa miezi, wakisubiri shida yao iwe kubwa kwanza. Hakuna ukubwa unaotakiwa. Tazama maisha ya kila siku: usingizi, hamu ya kula, kazi au maelewano na watu wa nyumbani yakiwa yameyumba kwa wiki 2 au zaidi, inatosha. Wiki 2 ndicho kipindi ambacho hata madaktari hukiangalia wanapotambua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Na si lazima uwe mgonjwa; msiba au uamuzi unaokulemea ni sababu tosha. Ila kama unafikiria kujiua, usingoje miadi. Mwambie mtu wa karibu akae nawe, muende hospitali leo hii.

Umwone nani? Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na huandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo na, kwa kawaida, hawaandiki dawa. Kabla ya kulipa, uliza amesomea nini, amesajiliwa na chombo gani, na kama amewahi kushughulikia tatizo kama lako. Anayekasirishwa na maswali hayo, achana naye.

Kikao huchukua kati ya dakika 45 na 60, mara nyingi mara 1 kwa wiki. Cha kwanza hujaa maswali: kilichokuleta, kilianza lini, dawa unazotumia, pombe, familia, na kama umewahi kutaka kujidhuru. Swali hilo la mwisho huwashtua watu wakidhani wameonekana hatari. Wengi huulizwa, na kuulizwa hakumwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Jibu ukweli.

Wala huna haja ya kumaliza yote siku hiyo. "Hilo sijawa tayari kulizungumza" ni jibu kamili. Mtu anayemwaga kila kitu kwa mtu aliyekutana naye saa hiyo hiyo anaweza kurudi nyumbani na aibu nzito, asirudi tena. Kosa la upande wa pili ni kuzungukazunguka, halafu jambo zito likatajwa mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Kama kuna jambo unaliogopa, sema mapema kwamba lipo, hata kama hulifungui.

Siri zangu je? Zinatunzwa, lakini zina mipaka. Kwa kawaida mtaalamu anaweza kulazimika kusema pale maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto anapodhulumiwa, au mahakama inapoagiza. Pia anaweza kujadili kesi na msimamizi wake wa kitaaluma bila kukutaja jina. Sheria hutofautiana, kwa hiyo mwombe akutajie mipaka hiyo mwanzoni, na uulize nani mwingine anaona kumbukumbu zako, hasa kama anayelipa ni bima au mwajiri.

Muda hutegemea tatizo na aina ya tiba. Tiba ya fikra na mwenendo, yaani ya kuchunguza mawazo na tabia zako na kuzibadilisha, ambayo daktari Aaron Beck aliianzisha miaka ya 1960, mara nyingi huwa na vikao kati ya 6 na 20. Aina nyingine huendelea mwaka na zaidi. Tiba ya fikra na mwenendo ina kazi ya nyumbani, na hapo ndipo wengi hukwama. Unaweza kupewa karatasi ya safu 4: tukio, wazo, hisia kwa alama 0 hadi 100, na ushahidi. Bosi hakuitikia salamu; "amenichukia"; wasiwasi 80; ushahidi: alikuwa kwenye simu. Ijaze siku ile ile. Ukiijaza usiku wa kuamkia kikao, umeshasahau uzito wa hisia, na kila kitu kinakuwa 50.

Kujisikia vibaya zaidi baada ya baadhi ya vikao ni kawaida, maana mmegusa panapouma. Ukiweza, acha nusu saa bila shughuli baada ya kikao. Lakini kama baada ya vikao 3 au 4 hujui lengo lenu ni nini, au unatoka kila mara ukihisi umehukumiwa, mwambie mtaalamu mwenyewe kabla ya kutoweka. Mara nyingine njia hubadilishwa na mambo yakanyooka. Mara nyingine atakuelekeza kwa mwingine. Akikutongoza, hapo hakuna mjadala: ondoka, umripoti kwa chombo kilichomsajili.

Na ujumbe wa kuomba miadi hauhitaji historia ya maisha. Andika hivi tu: "Habari. Nina shida ya usingizi na wasiwasi tangu miezi 2 iliyopita. Ningependa kujua kama una nafasi jioni, na kikao ni bei gani."