Koti la mvua la California na kanzu ya Mombasa

Mpwa wangu yuko Oakland, California. Juzi juzi aliitwa kukaa juri kwenye kesi ya kuvunja nyumba, na kesi ilipokwisha akanipigia simu. "Mjomba, jaji alitusomea sheria yote, kisha tukapewa nakala twende nayo chumbani." Nilimwonea wivu, wallahi.

Mimi nilikuwa mkalimani wa Mahakama Kuu hapa Mombasa enzi za wazee wa baraza, raia wa kawaida waliokaa na jaji na kumpa maoni yao, kabla hawajaondolewa mwaka 2007. Kesi ya mauaji ilikaliwa na wazee watatu. Mwishoni jaji aliwaeleza ushahidi na sheria kwa Kiingereza, nami nikigeuza, saa nzima, wao wakisikiliza tu mikono mitupu. Maoni yao hayakumfunga jaji. Labda ndiyo maana hakuna aliyejali kama wameelewa.

Palipowakwaza zaidi ni nia ovu, ambayo lazima ithibitishwe ili kuua kuwe kosa la mauaji. Mzee mmoja wa Likoni hakukosa kuuliza: "Kwani walikuwa na ugomvi?" Sheria haina haja na ugomvi. Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu kinatosheka na kusudi la kuua au la kuumiza vibaya, hata kama marehemu hakuwa akijulikana na muuaji. Maelekezo ya California, yale ambayo jaji huwasomea juri, yaliyoandikwa upya na kuanza kutumika 2006, yanalitamka hilo waziwazi: chuki si lazima.

Nilichokipenda zaidi katika maelekezo hayo ni jinsi yanavyoeleza ushahidi wa mazingira. Shahidi akisema ameona mvua ikinyesha, huo ni ushahidi wa moja kwa moja kwamba mvua ilinyesha. Akisema ameona mtu akiingia na koti la mvua lenye matone ya maji, huo ni wa mazingira. Imekwisha. (Koti la mvua Mombasa avae nani? Ningesema kanzu iliyolowa, mtu akiingia msikitini wakati wa masika.) Lakini huyo wa kanzu pengine alikuwa bombani akitawadha! Hapo ndipo inapokuja kanuni ya pili: ushahidi huo ukikubali maelezo mawili yenye mantiki, moja likielekea kwenye kutokuwa na hatia, juri lishike hilo.

Kanuni hiyo hata sisi tunayo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliisema tangu 1949, ila kwa sentensi moja ndefu niliyokuwa nikiigeuza huku jasho likinitoka. Wazee wale kwa mfano wa kanzu tu wangeelewa papo hapo. Lakini mkalimani haruhusiwi kuongeza lake.